Ngozi ya Kondoo Niliyopeleka Mubi

Muntu akiniuliza atabeba nini akishuka Walikale, namuambia: kwanza sahau nguo zako nzuri. Boti za mupira, ndiyo. Kambambili, zile ndala, ndiyo. Turubai ya kufunika mizigo, ile usiiache hata kama unaacha chakula. Halafu naongeza: "Na kitu cha sufu." Hapo njo wanaanza kucheka. Wacheke! Mimi walinicheka toka Masisi mpaka Mubi.

Mimi ni muntu wa mulimani. Huku kwetu asubuhi ukifungua mulango, ukungu unaingia ndani bila hodi, na hata wakati wa jua unavaa triko ya sufu kwenda kupalilia maharagi. Basi sisi watu wa huku tuna ugonjwa wetu: tunafikiri dunia yote iko baridi. Muntu wa Masisi akialikwa Kisangani, ataanza kutafuta bulangeti.

Binti yangu wa kwanza aliolewa Mubi, huko Walikale kwenye pori, na kijana mwenye duka la vipuri vya pikipiki. Alipopata mimba, nikaanza kutengeneza ngozi. Kwetu, bibi wa upande wa mama njo anapeleka ngozi ya kondoo ya kubebea mutoto wa kwanza. Siku hizi wengi wanapeleka kikwembe, kitambaa cha dukani, na kusema ni ile ile. Si ile ile! Mimi nilibebwa na ngozi, binti yangu nilimubeba na ngozi, na mutoto wake hakuna wa kuniambia atabebwa na nini. Nikachagua yenye sufu nzito, nikasugua siagi upande wa nje, nikasugua tena na tena, mpaka ikalainika na maji yakawa yanateleza juu yake. Ilikuwa inanuka kidogo. Haya, ilikuwa inanuka sana.

Mukwe wangu, yaani mama wa yule kijana, akapata habari. Yeye ni mama wa pori kabisa, baba yake alikuwa muwindaji, na mudomo wake hauna breki. Akanipigia simu.

"Mama, nasikia unaleta ngozi."

"Ndiyo, mukwe."

"Ya kondoo."

"Ya kondoo."

Akacheka mpaka simu ikakatika. Akapiga tena. "Mama, huku iko joto! Unataka kupika mutoto? Lete kikwembe nyepesi, lete fromaji ya maziwa yenu, ile ngozi rudishia kondoo mwenyewe!"

Nikamuambia aksanti kwa shauri, nikakata. Nilikasirika, sitaficha. Siku ile ile nikaanza kufunga mizigo: matriko, bulangeti, soksi, fromaji, viazi, na ngozi chini ya vyote, ili nisije nikaisahau kwa hasira.

Tulikuwa tumepanga niende mimba ikikomaa. Kumbe mutoto alikuwa na mipango yake. Simu ikalia nikiwa shambani, wakati wake ukiwa bado kabisa, na ni binti yangu analia.

"Mama, amekuja. Ni mudogo, mama, ni mudogo sana. Miguu yake iko baridi. Munganga anasema asipopata joto hatatoboa."

Jembe nililiacha pale pale kwenye mutaro. Sijui hata nani alilirudisha nyumbani.

Motari niliyemupata alikuwa kijana wa maneno mengi. Alipofunga mizigo yangu nyuma ya pikipiki, akanusa, akauliza, "Mama, kondoo yenyewe tunaipitia wapi?" Kwenye kizuizi askari mumoja akafungua mufuko, akaona sufu, akaita wenzake waje kuona mama anayepeleka baridi Walikale. Siku nyingine ningewajibu mpaka wakome. Siku ile nilisema tu, "Papa, mujukuu wangu anakufa, nipitisheni." Wakafunga mufuko wenyewe, mumoja akatusukumia pikipiki kwenye matope.

Tukashuka. Kila tulivyoshuka, joto ilipanda, na mimi nikavua triko ya kwanza, nikavua ya pili, jasho likaingia machoni. Fromaji yenye ilikuwa ngumu nyumbani ikaanza kutoka jasho pia. Hapo niliona mukwe alisema kweli, lakini sikumupigia simu kumuambia.

Halafu mvua. Mvua ya mulimani inakupiga na kupita. Ile ya pori inakaa, inahamia. Tulipofika kwenye mutelemuko wa udongo mwekundu, pikipiki ikaenda upande wake na sisi upande wetu. Mufuko ukalala ndani ya dimbwi. Motari akautoa, maji yanamwagika kila upande, akaniangalia bila mzaha tena. "Mama, pole," akasema. Turubai nilikuwa sijabeba, na njo maana leo turubai siachi kuitaja kila muntu akiniuliza.

Mubi tukafika mchana, mvua bado. Malori yamezama barabarani hadi katikati ya magurudumu, watu wanapita kando yao bila hata kuangalia. Nilienda moja kwa moja kwenye kituo cha afya. Na nilipoingia chumba cha wazazi, kitu cha kwanza nilichoona ni kamba. Kamba kutoka ukuta mpaka ukuta, zimejaa vikwembe, na kila kikwembe kimelowa. Kule joto haikaushi kitu. Hewa yenyewe ina maji. Nguo unayoanika Jumatatu unaivaa mbichi Alhamisi.

Binti yangu alikuwa kitandani, homa inamutetemesha, hawezi kushika mutoto. Mutoto alikuwa kifuani kwa mukwe wangu, ngozi kwa ngozi, maana mashine ya joto hakuna na munganga alisema kifua cha muntu njo mashine. Lakini kikwembe kilichomufunika kilikuwa na unyevu, na upepo wa mvua ulikuwa unapenya kwenye mbao. Mukwe hakunicheka. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimemufunika na kila kitu," akasema. "Kila kitu kimelowa, mama. Anapoa mikononi mwangu."

Nikashika muguu wa mujukuu wangu. Ulikuwa baridi kama jiwe la mutoni.

Nikafungua mufuko pale chini. Bulangeti: nikaikamua, maji yakajaza sakafu. Triko, triko, soksi, vyote maji. Viazi na fromaji vimejaa matope. Nikasema, "Ee Mungu, usinifanyie hivi," kwa sauti, mbele ya watu wote. Nikafika chini kwenye ngozi. Ilikuwa imejikunja, sufu ndani, upande wa siagi nje, na maji yamekaa juu yake matone matone. Nikaikung'uta mara moja. Nikaingiza mukono ndani ya sufu.

Kavu! Kavu kabisa, na ya moto!

Mukwe akafungua kikwembe chake, akakitupa. "Funga," akasema. Nikawafunga wote wawili, yeye na mutoto, sufu ikimugusa mutoto mugongo mzima, nikakaza mikanda yake ya kubebea. Munganga akaja, akapapasa, akasema, "Hivyo hivyo, mama. Asitolewe mule."

Hakutolewa. Mukwe alikaa na ile ngozi siku nzima katika joto la pori, jasho linamutiririka mpaka kwenye kiwiko, na nilipomuambia ni zamu yangu akanikatalia. "Bado." Baadaye tena: "Bado, mama, nimesema!" Kidogo tupigane, wanawake wazima, kwa kugombania jasho. Mwishowe tukapokezana, na binti yangu homa ilipomuacha akachukua zamu yake, akawa hataki kuirudisha, sawa na sisi.

Kisha asubuhi moja mutoto akalia. Si ile sauti ya kukwaruza ya mwanzo. Alilia kwa hasira, kama muntu aliyeibiwa. Chumba chote kikapiga vigelegele, wazazi waliokuwa wamelala wakaamka wanapiga, na yule motari, aliyekuja kuuliza habari, akaanza kucheza mulangoni na boti zake za matope. Nililia na kucheka pamoja.

Mwaka huu mukwe akanipigia simu. "Mama, naleta mutoto awaone. Masisi nibebe nini?"

"Kila kitu, mukwe."

Alifikiri naongeza chumvi. Akapanda na kambambili na kikwembe nyepesi, akafika kwangu midomo inacheza kwa baridi. Akafungua mufuko wake bila kuniangalia, akatoa ile ngozi, akajifunika mwenyewe mabegani. Nilimuacha apate joto kwanza. Halafu nilicheka mpaka nikakaa chini.

Mutoto nikamuvalisha triko niliyomufumia. Akaiangalia, akaivutia kichwani, akaitupa kwenye matope, akakimbia tumbo wazi kwenye majani kufuata kondoo zangu, ukungu bado haujapanda. "Baridi! Baridi!" tukapiga kelele sisi mabibi wawili, tukamukimbilia, mimi na boti, mukwe na ngozi mabegani. Nilimukamata karibu na ua, anapiga mateke, anataka kurudi kwa kondoo. Nikashika miguu yake.

Ilikuwa ya moto.