Kamba Wale Wakubwa Sita

Afadhali mlisikie kwangu mwenyewe, maana mkilisikia kwa wakwe zangu litakuwa limeongezwa chumvi, na hata bila chumvi linatosha kunifukuzisha mjini: mimi Dezire, mtu mzima mwenye ndevu zangu, kinyozi ninayeheshimika mtaani kwetu, Overport nzima (sawa, si nzima, tuseme kuanzia pale robot, taa za barabarani, mpaka kwenye duka la viatu), nilimwaibisha mjomba wa mchumba wangu na kujiaibisha mwenyewe mbele ya mama wa watu, mbele ya wazee wa kanisa na mbele ya bahari. Mkitaka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, kwa sababu huko mbele ni kubaya zaidi.

Mnamjua Neema wangu. Kwao ni Tanga, ila wanakaa huku ugenini Queensburgh miaka mingi, na baba yao alishafariki, kwa hiyo mwenye neno ni Mjomba, kaka yake mama. Huyo Mjomba alikuja kutoka Tanga kwa wiki tatu tu, na mama alishaniambia wazi, bila kuzunguka: "Mwanangu, kaka yangu anaondoka Jumatatu. Akikukubali tunaendelea. Asipokukubali, mimi siwezi kupita juu yake." Neema aliposikia vile alilia kidogo jikoni, na mimi nikaapa moyoni kwamba huyo mzee atanipenda atake asitake.

Sasa kosa dogo, lile dogo kabisa, lilianza siku ya kwanza nilipoenda kusalimia. Mama aliniuliza kama nakula vitu vya baharini. Mimi mtoto wa Bujumbura, ziwa letu nalijua, mukeke najua, ndagala nimekula mpaka nikaota magamba, lakini baharini mimi huwa naingia mpaka magoti tu halafu narudi. Ningesema hivyo ingekuwa sharp, safi kabisa. Lakini mdomo wangu, eish, mdomo wangu hauna breki, ukasema: "Mama, crayfish mimi nakula kama maharage. Iko mteja wangu anauza, napata siku yoyote." (Mteja yupo kweli na anauza kweli, ila mimi nilikuwa namnyoa tu, sijawahi kugusa hata sharubu za mnyama wake.) Mama akatabasamu, na akaweka kichwani.

Alhamisi nikiwa kazini, mashine mkono mmoja na simu mkono mwingine, ukaingia ujumbe wa mama. Mama haandiki nukta wala mkato. Ulisema hivi: "Baba jumamosi tunaenda baharini usisahau kamba wale wakubwa sita wanatosha."

Jamani, nisikilizeni kabla hamjanihukumu. Kwetu kamba ni kamba. Ya kufungia mbuzi, ya kuanikia nguo, basi. Kwa hiyo nikasoma mara mbili, nikaelewa: usisahau kamba. Halafu: wale wakubwa, sita wanatosha. Wale wakubwa si ndio wazee? Sita wanatosha kufanya nini na kamba? Kuvuta! Watatu huku, watatu kule! Nikasema huyu mama ni mtu wa furaha sana, anataka wazee wachangamke ufukweni, na kazi amenipa mimi ili Mjomba aone kijana anajua kuongoza watu. Mteja niliyekuwa namnyoa aliniuliza mbona nacheka peke yangu.

Jioni Neema akapiga. "Mama amekuandikia. Umeelewa?"

Hapo ndipo. Hapo hapo. Ningesema "bado, nieleze", leo nisingekuwa na mkasa. Lakini mwanaume anayetaka kuoa huwa anaelewa kila kitu. "Nimeelewa vizuri kabisa, chérie."

"Utawapata wote sita?"

"Watapatikana. Wakikataa nitawavuta mwenyewe."

Akacheka sana, akasema ninapenda utani. Na mimi nikacheka.

Kwenye duka la vifaa vya ujenzi nilichagua kamba nene kama mkono wa mtoto, ya kuvutia magari, mita ishirini, nikaitia kwenye gunia jipya. Jumamosi asubuhi tukaondoka na magari mawili, Mjomba mbele kwenye bakkie, ile pickup ya kaka yake Neema, na nyuma yake wazee wa kanisani kwao mama, wanaume watatu na akina mama wanne. Nikawahesabu. Mama, Mjomba na hao saba, jumla tisa. Nikasema sita watavuta, watatu watapumzika kwa zamu, mambo safi. Mama aliponiona nahangaika na gunia begani alifurahi mpaka akapiga makofi.

"Wazito, eeh?"

"Wazito, mama! Mpaka wote sita washikane ndiyo watauweza mzigo huu."

Tukafika pwani ya kusini, pale penye majiko ya saruji ya braai, ya kuchomea nyama, Mjomba akawasha mkaa, akina mama wakatandika mikeka, wakafunua wali wa nazi na kachumbari. Wali na kachumbari tu. Nyama hakuna, kuku hakuna. Niliona, lakini nikasema labda wanafunga. Halafu mama akamwambia Neema: "Mwaga barafu kwenye gunia la Dezire, jua hili litatuharibia." Neema akamwaga barafu yote juu ya gunia, bila kulifungua. Barafu! Kwenye kamba! Na bado, wenzangu, bado sikuuliza. Nikajieleza mwenyewe kwamba watu wa Tanga ni watu wa bahari, lazima huwa wanailowesha kwanza ili isichubue mikono.

Mkaa ukaiva. Mjomba akapandisha mikono ya shati lake jeupe, akashika kisu, akakata ndimu, akasema kwa sauti ya mtu aliyengoja wiki nzima: "Haya kijana, tuletee hao kamba."

Nikafungua gunia. Nikaanza kuvuta. Kamba ikatoka, inachuruzika maji ya barafu, mita moja, mita tatu, mita saba, na mimi natabasamu kama bwana harusi, na wazee wote wamenyamaza wananiangalia, nikadhani ni heshima. Nikamwendea Mjomba, nikamtoa ndimu mkononi, nikamshikisha ncha ya kamba.

Akaiangalia. Akaniangalia. "Hii tunachoma au tunachemsha?"

"Hapana, Mjomba, tunavuta!" nikasema, na sauti yangu ilikuwa juu kabisa. "Wewe ni kepteni upande huu, wakubwa watatu huku, watatu kule, mama alisema sita wanatosha!"

Neema alijifunika kanga usoni. Mama akakaa chini. Mzee mmoja wa kanisa alitoa sauti kama anakohoa lakini haikuwa kikohozi. Neema akanivuta shati, akaninong'oneza: "Dezire. Kamba ni crayfish. Kamba wakubwa. *Wa*-kubwa. Tangu lini kamba ya kufungia ikawa wakubwa?" Sasa mimi ningejua wapi? Kiswahili chetu cha Bujumbura hakisumbuani na mambo ya wale na zile, kila mtu anasema anavyojaliwa na tunaelewana. Nikaona Jumatatu inakuja na ndege ya Mjomba inapaa na Neema wangu ndani ya jibu la hapana.

Mtu mwenye akili angeomba msamaha palepale. Mimi nikasema: "Nilikuwa natania! Kamba wako njiani, naenda kuwapokea!" Nikachukua funguo za bakkie, nikakimbia mchangani na viatu vyangu vizuri.

Kwenye mgahawa wa juu barabarani walikuwa na crayfish wawili tu, wameshachomwa na siagi na vitunguu saumu. Wawili, kwa watu kumi na wawili! Nikawabeba. Jirani yake kulikuwa na dirisha linalouza bunny chow, nikanunua za kila mtu, mikate iliyotobolewa na kujazwa mchuzi wa maharage na wa kondoo, nikarudi nikiwa nimepakata chakula kama mtu aliyeiba harusini.

Kumbe nyuma yangu akina mama wa kanisani walishasema kamba si ya kuachwa bure. Nimewakuta wanavuta. Na nimemkuta Mjomba amekaa kwenye mchanga mpaka kiunoni, amevutwa na kushindwa na akina mama wanne na dada mmoja wa watu aliyepita na mbwa wake, suruali imejaa maji ya chumvi, na hacheki.

"Kaa hapa," akaniambia. Akaniwekea crayfish mbele. "Wewe unayekula kama maharage, hebu tuoneshe anavyoliwa."

Wote wakanigeukia. Nikamshika yule mnyama, miguu kila upande, macho yananitazama kama yananijua, nikasali kimoyomoyo, nikamuuma mgongoni pamoja na gamba lake. Krak! Siagi ikaruka moja kwa moja kwenye shati jeupe la Mjomba. Na mimi nikatafuna. Nikatafuna, nikatafuna, mdomoni kama nimekula ndoo ya plastiki, machozi yananitoka, nikajaribu kumeza ikakataa.

"Kijana," akasema Mjomba taratibu, "umewahi kumla huyu?"

Nikatema kwenye kiganja. Nilikuwa nimechoka, wenzangu. Uongo unachosha kuliko kunyoa vichwa arobaini. "Hapana, Mjomba. Leo ni mara ya kwanza. Na neno kamba sikulijua, nikaona aibu kuuliza. Nilitaka tu unipende."

Mjomba akamchukua yule crayfish, akamkunja mkia, akasukuma kwa kidole, na nyama ikatoka yote mara moja, nyeupe, nzima. Akaikamulia ndimu, akanilisha kwa mkono wake. Ah! Ile nyama ni tamu, ina utamu wa kweli, nikakasirika nafsini kwamba nimedanganya miezi yote ile juu ya kitu ambacho ningeomba tu ningepewa.

Wale wawili tukagawana vipande vya kuonja. Ikafika zamu ya bunny chow, na Mjomba akageuza mkate wake huku na huku, akauliza kijiko kiko wapi. Hakuna kijiko, Mjomba, nikamwambia, unatoa hiki kifuniko cha mkate, unachovya, unashuka nacho taratibu. Mchuzi ukamfika kwenye kiwiko. Akala yote, akalamba vidole, akala na nusu ya mkate wa mama.

Halafu akajifuta mikono, akaniangalia sana, akasema mbele ya wote: "Haya. Posa unaleta lini?"

Mdomo wangu ulishafunguka kusema Jumamosi ijayo, mbichi, kutoka kwa mteja wangu. Naapa ulishafunguka. Nikaufunga. "Samahani, Mjomba. Posa ni samaki gani?"

Mama alilala kwenye mkeka kwa kicheko. Wazee wa kanisa walishikana mabega. Neema alikuwa anacheka na kulia pamoja, ananiambia posa ni kuja kuniomba, wewe, ni kuja kuniomba nyumbani! Na Mjomba, shati lina siagi na mchuzi, alipopata pumzi akamwambia dada yake: "Mwozesheni huyu haraka, kabla hajauliza harusi ni mboga gani."

Tangu siku ile neno nisilolijua nauliza palepale, sijali ni mbele ya nani. Kanisani, siku yetu, mchungaji aliponiuliza kama nitamstahi na kumsitiri mke wangu, nikanyoosha mkono. Neema alinikanyaga mguu kwa kisigino, watu wakacheka mpaka kwaya, na mchungaji ikabidi anieleze kumsitiri ni nini, neno kwa neno. Lakini niliposema ndiyo, nilikuwa najua ninachokubali.