Neno "kurithi" nusura litutoe kwenye nyumba ya baba mkwe hapa Guangzhou

Wakuu, salaam. Haya nimeyaishi mwenyewe, sijasimuliwa, na nayaandika nikiwa sebuleni kwenye nyumba yenyewe.

Mimi mtu wa Temeke, nanunua nguo soko la Shahe napeleka Dar. Wife ni Mchina, tuna binti mmoja. Tumeishi na baba yake karibu na mtaa wa Dengfeng, kwenye flat ya serikali ya kodi ndogo, aliyoipanga mzee tangu ujana wake.

Mzee akafariki. Niliumia sana, ndiye aliyenifundisha kuongea na mabosi wa Shahe bila kupigwa bei.

Tukaitwa ofisi ya nyumba. Wife akataka aongee yeye. Nikasema thubutu, mwanaume nipo, na mirathi naijua!

Kwa Kichina changu cha sokoni nikamwambia mama wa dirishani: "Tumekuja kurithi nyumba."

"Meiyou." Yaani hakuna.

Wa Shahe mnalijua hilo neno. Ukiambiwa hivyo unahamia duka la jirani. Sasa pale nihamie wapi?

"Nyumba haikuwa yake," akasema. "Hakuna cha kurithi. Rudisheni funguo."

Aisee, tukatoka nje. Wife akalia kwenye ngazi, kisha akafuta machozi, akanigeukia.

"Kuanzia sasa wewe nyamaza. Mimi sihami."

Akarudi dirishani. "Sitaki kurithi. Nataka kuendelea kupanga."

Wakuu, yule mama akatoa fomu nyingine kabisa! Akauliza: jina lako limo kwenye hukou, daftari la familia, kwa anwani hii? Limo. Uliishi na marehemu? Ndiyo. Una nyumba nyingine? Sina. Basi leta ushahidi.

Majirani wakasaini. Tukapeleka makaratasi ya kliniki ambako wife alikuwa akimpeleka mzee. Tukarudishwa mara tatu, wife kila mara anasema "kesho nakuja", na kweli anakwenda.

Mara ya nne mkataba ukatoka kwa jina lake, binti yetu chini yake. Mimi mgeni simo, na nimenyamaza kama nilivyoagizwa.

Nilichojifunza: nyumba ya kupanga hairithiwi, inaendelezwa, na majina yaandikishwe kwenye hukou mzee akiwa hai. Akishafumba macho mtahangaika kama sisi.

Mlioolea huku, majina ya wake na watoto wenu yamo? Semeni, tusaidiane.

Zile funguo tulizoambiwa turudishe, wife amezitundika kwenye msumari uleule wa baba yake.