Kidole cha Chidananda

Kazi ya Chidananda, katika kampuni moja ya programu pale Bengaluru, ilikuwa kusimamia majaribio yanayojiendesha yenyewe. Kama yanajiendesha, yeye wa nini? Riziki yake aliipata kwa mlinzi wa kompyuta, yule wamwitaye ukuta wa moto. Kila asubuhi programu ya kujaribiwa iliwekwa upya kwenye folda mpya, na kila asubuhi mlinzi aliiona mgeni. Alifungua kidirisha akauliza kama airuhusu kuingia mtandaoni, na majaribio yote yakasimama kumsubiri Chidananda anyooshe kidole abofye “Ruhusu.” Akishabofya, huyo, kwenye kahawa.

Dawa ilikuwepo na aliijua vizuri: mstari mmoja wa amri, wa kumtambulisha mgeni kwa mlinzi kabla hajabisha hodi. Lakini mwaka mzima alimwambia bosi wake, Bi Shailaja, kwamba tatizo ni zito, bado analichimba. Masikini, aliogopa. Kidirisha kikiondoka, si naye ataondoka nacho?

Ikaja Ayudha Puja, siku ya kuheshimu vyombo vya kazi na kuvipumzisha. Bi Shailaja akatangaza kwamba majaribio makubwa ya mteja yatajianzisha mchana wa siku hiyo hiyo; yanajiendesha, hivyo hakuna atakayevunja mwiko. Chidananda akakumbuka kidirisha: nani atakibofya? Akamfuata Kamalamma, mfagizi wa ofisi na msimamizi wa ibada.

“Mama, nikigusa kidogo tu? Kidole kimoja.”

“Mwanangu, nikishaipaka mashine poda, hata kipanya hakiguswi mpaka kesho.”

Basi akaketi akauandika ule mstari mbio mbio, huku Kamalamma akikaribia meza baada ya meza na sinia lake. Alimaliza huku mama akiwa tayari ameshika shada. Mashine ikapakwa manjano na poda nyekundu, ikavikwa maua, ikawekewa ndimu ya kinga juu ya kibodi.

Mchana majaribio yakaanza. Kidirisha hakikutokea. Mistari ya kijani, ya majaribio yaliyofaulu, ikashuka kwenye skrini mpaka wa mwisho, na ofisi nzima ikapiga makofi isipokuwa mtu mmoja.

“Chida,” Bi Shailaja akasema, “mwaka mzima tatizo lilikuwa zito. Leo limekuwa jepesi kwa sababu ya ndimu?”

Kamalamma, ambaye kila siku alifagia chini ya kiti cha Chidananda na kuona yanayofanyika juu yake, alimshika mkono, akachovya poda nyekundu na kukipaka kile kidole.

“Nilikisahau hiki,” akasema. “Kimefanya kazi kuliko mashine zote humu. Nacho kipumzike.”

Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Bi Shailaja alicheka pia, kisha akamtazama Chidananda.

“Kipumzike moja kwa moja,” akasema. “Kesho mwenye kidole aje ofisini kwangu, anieleze anajua kufanya nini kingine.”

Chidananda alibaki na kidole chake chekundu hewani, hofu imemjaa. Lakini tangu aajiriwe, hakuna aliyewahi kumwuliza swali hilo, na majibu alikuwa nayo tele.