Koo la Meya

Kazini walimwita Bi Gundi, naye hakuona ubaya, maana gundi ndiyo iliyomweka mjini miaka ishirini na sita. Alikuwa fundi wa karatasi katika jumba la nyaraka. Vitabu vilivyoliwa na mchwa, barua zilizolowa, ramani zilizokunjwa mpaka zikakatika kwenye mikunjo, vyote vilipita mezani kwake chini ya dirisha, penye birika la mvuke, brashi tano, kisu cha mfupa na kioo cha kukuzia. Alikuwa mpole, lakini si mwepesi wa kuzoeana. Mtu akimsalimia kwa uchangamfu uliozidi kipimo, Bi Gundi alimwangalia mara ya pili, akijiuliza huyu leo anatafuta nini.

Hakuzaliwa hivyo. Alipokuwa na miaka tisa, baba yake alikuwa mpishi wa Meya wa kwanza wa mji, yule aliyepewa jina la Ngurumo kwa kuwa alihutubia viwanja vizima bila kipaza sauti. Siku ya kufungua bomba kuu la maji ilifanywa karamu. Meya akasimama mbele ya wageni mia mbili, akafungua kinywa, ikatoka sauti ya kukwaruza kama bati linaloburutwa. Akakohoa, na kitambaa cheupe cha meza kikaingia madoa mekundu. Wiki sita baadaye alizikwa, na halmashauri ikatangaza kwamba amefariki baada ya kuugua ghafla.

Hilo neno ghafla ndilo lililomponza mpishi. Mwanaume mzima, mwenye kifua kile, haanguki mezani bure, watu walisema; huyo kalishwa kitu. Na nani wa kumlisha kama si mwenye jiko? Polisi walimshika siku kumi na saba, wakamwachia kwa kukosa ushahidi, na kuachiwa kwa namna ile hakukumsafisha hata chembe. Hakuna aliyempa sufuria tena. Maisha yake ya kazi aliyamalizia kwenye ghala la saruji, akipakia mifuko. Shuleni binti yake akawa Mtoto wa Sumu. Hata chungwa likitoka mkononi mwake, wenzake hawakulipokea.

Alipoomba kazi kwenye jumba la nyaraka, penye nafasi ya kazi ya baba alijaza mbeba mizigo. Uongo haukuwa, ila nao ukweli haukuwa mzima. Miaka yote hiyo aliamini hakuna mtu pale anayemjua ni wa nani.

Basi mwaka huo jumba likaamua kufanya maonyesho ya maisha ya Meya. Mhifadhi Mkuu, bwana mmoja mwembamba anayevaa viatu vya soli ya mpira ambaye humsikii mpaka amefika begani kwako, alileta sanduku la bati akaliweka juu ya meza.

"Limetoka kwa binti wa Meya," alisema. "Mama yake amefariki mwaka jana, na hili limekutwa chini ya kitanda cha marehemu. Lishughulikie."

"Kwa nini mimi, bosi?"

Mhifadhi alishangaa. "Kwani tuna fundi mwingine?"

Kweli hawakuwa naye. Lakini Bi Gundi alilitazama lile sanduku kama anayetazama mgeni asiyebisha hodi.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za hotuba, picha na kadi za mialiko. Siku ya tatu akatoa daftari la jalada jeusi, nusu yake likiwa tupu. Katikati, jozi mbili za kurasa zilikuwa zimeshikamana. Karatasi kushikamana si jambo geni. Unyevu hufanya hivyo kila siku. Ila unyevu una alama zake: doa lenye ukingo wa kahawia, vumbi la ukungu, mahali pengine pameshika na pengine pameachia. Hapa hapakuwa na doa. Pembezoni, chini ya kioo, aliona mistari mitano myembamba, sambamba, kama ya vidole. Akanusa. Gundi ya unga, ile ya kupikwa nyumbani. Mtu alikaa chini, akakoroga unga na maji ya moto, akazibandika kurasa hizi makusudi.

Aliwasha birika. Mvuke ulifanya kazi yake polepole, na baada ya saa nzima jozi ya kwanza ikaachia. Ndani yake ilikuwa imefichwa barua ya daktari wa hospitali ya nchi jirani, imechapwa kwa mashine, ina mhuri. Bi Gundi alisoma akiwa amesimama. Picha za eksirei zimeonyesha uvimbe kwenye koo. Kipande kilichokatwa na kupimwa kimethibitisha ni saratani. Imeshafika kwenye tezi za shingo. Mionzi itampunguzia maumivu, haitamponya. Akaitafuta tarehe. Miezi mitano kabla ya karamu.

Mtu mwingine angeruka kwa furaha. Yeye alikaa. Miaka arobaini na miwili baba yake amebebeshwa jeneza la mtu, leo karatasi ya kumtua imekuja yenyewe mpaka mezani kwa bintiye? Mambo huja kirahisi hivyo tangu lini? Nani anafahamu karatasi za zamani, wino wa zamani na mihuri kuliko yeye? Akitoka mlangoni na barua hii mkononi, wa kwanza kugundua yeye ni nani atasema kaitengeneza mwenyewe. Labda ndiyo sababu imeletwa. Labda kuna mtu anasubiri aikimbilie.

Jozi ya pili hakuigusa. Alilifunika daftari kwa karatasi safi, akalifungia kabatini, ufunguo akautia ndani ya soksi. Akaaga kwamba kichwa kinamuuma na kwenda nyumbani mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

Baba yake, mzee wa miaka themanini na moja, alikuwa amekaa mlango wa nyuma akimenya boga. Kisu kilikuwa kinakwenda chenyewe. Macho hayakumsaidia sana siku hizi.

"Baba, Meya alikuwa anaumwa nini?"

Kisu kikasimama. "Umeona nini huko kazini?"

"Nijibu kwanza."

"Na mimi nakuuliza kwanza. Nani kakutuma?"

Walitazamana kama watu wanaobishania mzigo mmoja. Mwishowe mzee aliliweka boga chini.

"Kooni," alisema. "Miezi mitano nilikuwa namsagia kila kitu. Nyama nasaga, viazi nasaga, napitisha kwenye kitambaa, na bado kuna siku anarudisha. Mtu anayemlisha mtu hivyo atakosaje kujua?"

"Kwa nini hukusema? Siku kumi na saba, baba!"

"Nilisema! Siku ya kwanza kabisa. Askari akaandika, akaenda kumuuliza mke wa Meya. Mama yule akasema mumewe alikuwa mzima wa afya. Daktari wa hapa mjini naye akasema hivyo hivyo. Askari akarudi ananicheka. Enzi hizo ugonjwa ule haukutajwa, mwanangu. Walidhani unaambukiza, walidhani unafuata damu, kwamba mabinti wa nyumba ile hawataolewa. Na mtu aliyepewa sumu anakuwa shujaa. Aliyekufa kwa uvimbe anakuwa nani?"

"Mimi je? Kwa nini mimi hukuniambia?"

"Niliporudi kutoka polisi nilikupikia chai. Ukakaa nayo. Ukaniangalia mpaka nikanywa yangu ndipo ukanywa yako. Ulifanya hivyo mwaka mzima. Nikasema, kama huyu naye ananingojea ninywe kwanza, nitamwambia nini akaamini?"

Bi Gundi alikuwa hakumbuki. Au alikuwa hataki kukumbuka, maana mara tu baba yake aliposema, aliliona lile jiko na kile kikombe cha bluu, akajiona mwenyewe akihesabu mafunda ya baba yake. Alichutama, akaokota maganda ya boga moja moja kutoka sakafuni. Baba yake akamwachia kazi hiyo.

Asubuhi alimkabili Mhifadhi Mkuu ofisini kwake na kumwambia yote: gundi, barua, na ubini wake.

"La ubini nalijua," alisema Mhifadhi. "Tangu mwaka wako wa pili hapa. Sikuona linahusiana vipi na gundi."

"Ndiyo maana ukanipa sanduku? Unijaribu?"

Yule bwana alivua miwani akaifuta, ingawa ilikuwa safi. "Nimekupa kwa sababu ndiwe fundi. Lakini nikikudanganya nitakosea. Nilijiuliza pia utafanya nini ukikuta kitu."

"Sasa nataka jozi ya pili ifunguliwe mbele ya mwenye sanduku," alisema Bi Gundi. "Sitaigusa peke yangu."

Binti wa Meya alifika baada ya siku mbili. Alikuwa mwalimu mstaafu wa miaka hamsini na mitano, mkoba kaukumbatia kifuani. Alimtazama Bi Gundi tangu viatu mpaka kilemba.

"Wewe si mtoto wa yule mpishi?"

"Ndiye mimi."

"Na wewe ndiye unayezifungua karatasi za baba yangu!"

"Ndiyo maana tumekuita, dada. Uione kila hatua kwa macho yako."

Walikaa watatu kulizunguka birika. Kila Bi Gundi alipoinua mkono, binti wa Meya aliufuata kwa macho. Jozi ilipoachia, ikatoka karatasi moja ya maelekezo kwa nyumba ya mgonjwa, mhuri ule ule wa hospitali. Chakula kiwe laini, kisagwe na kuchujwa. Kisiwe cha moto. Mpishi afundishwe, na asibadilishwe, kwa kuwa mgonjwa amemzoea.

Binti wa Meya aliisoma, akairudia. Kisha akavua kilemba chake taratibu, kama mtu aliyezidiwa na joto.

"Nilikuwa na miaka kumi na mitatu," alisema. "Baada ya maziko nilimkuta mama anakoroga uji wa unga mezani kwa baba. Nikamuuliza, akasema anabandika lebo za madaftari yangu ya shule. Nikangoja lebo, sikuziona." Alikikunja kilemba mapajani. "Mwezi wa tatu mwaka huu nimekutwa na kivimbe titini. Daktari akaniuliza kama kuna mtu kwenye ukoo aliyewahi kuugua saratani. Miaka yote mama alituambia hakuna. Nikaenda chini ya kitanda chake. Nikaliona daftari, nikaona limegandishwa, nikaogopa kulichana. Nikasema nililete kwa wanaojua. Sikuja kumtetea baba yako, usije ukanidhania mema. Nilikuja kumchunguza mama yangu."

"Mimi nilimchunguza baba yangu kwa mwaka mzima," alisema Bi Gundi. "Nilikuwa mtoto, lakini nilimchunguza."

Hawakukumbatiana. Binti wa Meya aliomba nakala za karatasi zote mbili ampelekee daktari wake, akaondoka. Baadaye alifanyiwa upasuaji; kivimbe kilikuwa kimewahiwa, na alipona vizuri.

Kamati ya maonyesho haikuwa na haraka ya kuamini. Mjumbe mmoja alisema waziwazi kwamba mtoto wa mpishi akipewa karatasi azisafishe, atamsafisha baba yake. Bi Gundi hakukasirika. Hayo alikuwa ameshajiambia mwenyewe. Yeye ndiye aliyedai zipelekwe kwa wataalamu wa mji mwingine. Zilikaa huko miezi minne. Majibu yalipokuja yalisema karatasi, wino na mhuri ni vya wakati ule, na hospitali ile ilikuwa bado ina jina la mgonjwa kwenye daftari lake la mionzi. Ndipo maelezo chini ya picha kubwa yakaandikwa upya: Meya alifariki kwa saratani ya koo, ambayo aliijua na kuificha.

Mzee alikataa kwenda siku ya uzinduzi. Alisema miguu inamuuma. Wiki mbili baadaye, siku ya kawaida tu, alivaa shati la kola akamwambia binti yake, "Twende basi." Alisimama muda mrefu mbele ya kioo kilichofunika picha ya Meya na maelezo yake, uso karibu ukigusa, mpaka mlinzi akaanza kuzungukazunguka nyuma yake.

Likaingia darasa la watoto na mwalimu wao. Mwalimu akaonyesha picha kwa rula. "Huyu ndiye Ngurumo," alisema. "Alipewa sumu kwenye karamu, na mpaka leo haijulikani—"

"Mwalimu," mzee alisema bila kugeuka. "Hebu soma hapo chini."

"Samahani, mzee?"

"Pameandikwa. Soma."

"Kwani wewe unajuaje?"

"Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyekuwa mpishi wake."

Mkono wa mwalimu ukamfikia mtoto aliyekuwa karibu na mzee, ukamvuta nyuma, hatua moja tu, bila yeye mwenyewe kujua. Bi Gundi aliliona hilo. Kisha mwalimu akavaa miwani, akainama kwenye kioo, akaanza kuwasomea watoto kwa sauti tangu mstari wa kwanza.