Mjomba Dobi na Ufidhuli

Mjomba, kaka yake mama, alikuwa dobi, na neno lake zito lilikuwa moja tu: ufidhuli. Sisi wengine tulisema "hana adabu" tukamaliza. Kwake, asiyesalimia alikuwa na haraka zake, na mlevi alikuwa mlevi. Fidhuli ni yule anayechungulia ya watu bila kualikwa. Kumuuliza mteja doa limetoka wapi, ufidhuli. Kutandaza nguo zake za ndani mezani watu wakiona, ufidhuli uliopindukia. Hata shati lililogoma kutakata alilikunja doa likiwa ndani, akamkabidhi mwenyewe kimyakimya.

Nakumbuka harufu ya wanga na pasi ya mkaa kwenye kile chumba chake chembamba. Natamani kuinusa tena.

Kila wiki alikuja nesi mmoja na magauni yake meupe ya kazini. Mjomba aliyanyoosha polepole mno, wateja wengine wakisonya. Mama akamchokoza:

"Kaka, utazeeka na pasi mkononi. Si umwambie?"

"Nimwambie nini? Mtu kaleta nguo, mimi nianze kumchimba? Huo si ufidhuli huo?"

Siku moja nesi akaja kuaga. Amepata uhamisho, kesho anasafiri. Mjomba, aliyekuwa akimalizia gauni lake la mwisho, akasema "Safari njema," basi. Mimi na mama tulikuwepo, tulitamani kumfinya.

Nesi hakuondoka.

"Fundi, miaka yote hii unanifulia, hujaniuliza hata jina. Mimi huo ndio naouita ufidhuli."

Hakuna aliyewahi kumtupia mjomba neno lile. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nisamehe, sista. Unaitwa nani?"

Akamwambia. Mjomba alisimama pale akitabasamu kama bwege, mpaka moshi ulipotukohoza sote. Dobi ambaye hajawahi kuunguza hata leso alikuwa ameitelekeza pasi juu ya gauni. Nesi alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Mjomba alishonesha gauni jipya, akalipeleka mwenyewe huko alikohamishiwa nesi. Aliaga kwamba analala siku moja tu. Zikaja salamu: amepata chumba cha kufulia karibu na hospitali, hiki cha huku tukipangishe.

Mama alilia kwa furaha. Mimi nililia kwa sababu nilijua harudi.