Mafuta ya Alhamisi

Ilianza siku ya Alhamisi, tarehe 10 Machi 1977, saa kumi na moja kasoro dakika kumi jioni, nilipobandika sufuria ya viazi nyumbani kwetu Arua. Saa naijua kwa sababu baba aliacha saa yake ya mkono juu ya kabati. Alisema barabara ya Koboko siku hizi ina mikono mingi inayopenda saa.

Baba alikuwa dereva wa lori. Alipeleka sabuni na chumvi Kaya, ng'ambo ya mpaka, kwa njia ya Oraba, akasema atarudi Jumatatu. Jumatatu ikapita. Jumanne mama akasema mvua imeharibu njia, ingawa hapakuwa na mvua. Jumatano hakusema kitu. Alhamisi niliporudi shuleni nilimkuta amelala mchana, jambo asilolifanya, akaniambia bila kufungua macho:

"Pika ile viazi ya baba yako. Pengine harufu itamuvuta."

Viazi vyenyewe alivileta baba kutoka Paidha, kule juu kwenye baridi. Nilikuwa nimempikia mara moja jinsi tulivyofundishwa katika somo la upishi, viazi vya kuoka, vikavu nje na laini ndani. Alivila amesimama, akacheka, akasema, "Hii viazi iko na kelele!" Mimi mtu akinisifu naangalia miguu yangu, lakini siku ile niliinua macho. Aliniomba nimpikie tena akirudi.

Kazi yake si ngumu, ila haitaki haraka. Unachemsha viazi kwa chumvi mpaka pembe zake zianze kulegea. Unamwaga maji yote, unarudisha mfuniko, unaishika sufuria kwa vitambaa viwili na kuitikisa, ili viazi vigongane na kuchubuka. Ule mchubuko ndio unaoshika mafuta na kuwa ganda. Kisha mafuta yachemke hasa, viazi viingie kimoja kimoja visibanane, na makaa yawekwe chini kwenye sigiri na mengine juu ya mfuniko, kama mtu anayeoka keki. Baada ya hapo usiviguse. Wanaovigusagusa ndio wanaopata ubwabwa.

Mafuta ya kupikia madukani hayakuwapo tangu zamani. Nilikuwa na kopo la mafuta ya ng'ombe ambalo mama aliliweka tangu Idi Kubwa.

Viazi vilikuwa bado majini, na mafuta bado yameganda ndani ya kopo, niliposikia nguo ikipita mlangoni. Hakuna aliyepiga hodi. Jiko letu liko uani, mlango wake unatazama mlango wa nyuma wa sebule, kwa hiyo anayeingia namwona vizuri. Alikuwa habuba wa nyumba ya kona. Habuba ni bibi, kwa maneno ya watu wetu wa mjini, ambao babu zao walikuja wakiwa askari kutoka Sudani. Huyu hakuwa bibi yangu wa damu, lakini kila siku hunitania, "Mwalimu, leo umefundisha nani?" Siku hiyo hakunitania wala hakunitazama. Alivua viatu, akaketi kwenye mkeka, akaufungua mtandio wa kichwani na kuufunga kiunoni.

Hivyo ndivyo wanawake wetu wanavyoketi kwenye msiba. Na kwenye nyumba ya msiba ndiko watu wanakoingia bila hodi.

Mama alitoka chumbani. Alimwangalia habuba, akaangalia ule mtandio kiunoni, kisha akaketi chini mbele yake taratibu na kuanza kulia bila sauti. Hakuuliza neno, na habuba hakusema neno. Alimshika mkono tu.

Mimi sikuuliza. Mimi siulizi, yale ninayotaka kuuliza huyaandika. Nilimwaga maji ya viazi, nikarudisha mfuniko, nikatikisa. Ile kelele ilikuwa kubwa kupita kawaida. Nikayeyusha mafuta.

Hapa inafaa nieleze jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulijua. Kwetu, jioni ya Alhamisi kabla ya magharibi si wakati wa kuchoma mafuta ovyo. Wazee wanasema marehemu hurudi jioni ile kusimama kwenye milango ya nyumba zao, na kwamba wao hawali chakula, ila harufu ya mafuta inawafikia. Kwa hiyo nyumba yenye karama ya maiti, yaani chakula cha kumwombea marehemu, hukaanga mandazi ya unga jioni hiyo, na majirani wakisikia harufu huja. Mama alizaliwa kwa Wakristo upande wa Vurra, akaingia dini alipoolewa. Mengine ya wazee aliyajua, mengine hakuyajua. Mimi nililijua hili tangu utotoni. Lakini karama niliyoijua ni ya unga. Viazi vilikuwa vya shule na vya baba, haikunijia akilini kwamba mafuta hayana habari na kilichomo ndani yake.

Majirani walianza kuja kabla ya adhana. Waliingia kama maji yanavyoingia chini ya mlango, hakuna hodi, hakuna hatua, unageuka tu unakuta pale palipokuwa patupu pana mtu. Nje wanaume walitandika mikeka. Niliwasikia wakikohoa na kunyamaza. Viatu vilijaa mlangoni, na hakuna aliyewasha taa, kwa kuwa mwenye taa alikuwa mama, na mama alikuwa chini. Sebule ikawa giza lenye vichwa.

"Alikuwa mutu ya watu," sauti moja ilisema.

"Kweli. Kitanda yangu alibeba toka Koboko, hakutaka hata chai."

"Na ile honi yake! Mbuzi yangu ilikuwa inakata kamba."

Kicheko kidogo kikapita, kile cha msibani, kinachokatika kabla hakijafika popote. Kisha mwingine akasema, "Allah amrehemu," na wote wakaitikia, ndani na nje.

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba baba amekufa. Hakuna aliyeniambia. Nilikuwa na koleo mkononi, nikaendelea kupanga makaa juu ya mfuniko, yakae sawasawa, yasirundikane upande mmoja. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Ndani ya sufuria mafuta yalikuwa yanazungumza, na nikaona haya kwamba yanazungumza wakati watu wako kimya.

Jirani yetu muuza chumvi, mwanamke mwenye mdomo usio na breki, aliingia jikoni akikunja mikono ya gauni.

"Toka, binti, mimi nitakaanga. Mutoto ya maiti hapiki." Akafunua mfuniko, makaa yakamwagika. Akainama. "Wewe! Hii nini?"

"Viazi," nikasema.

"Naona iko viazi. Mandazi iko wapi?"

"Hakuna mandazi."

"Karama gani ya viazi?"

"Si karama." Sauti yangu ilikuwa ndogo hata mimi sikuipenda. "Ni ya baba. Akirudi ale."

Alirudisha mfuniko. Uso wake ulikuwa mwekundu kwa makaa. Halafu alikwenda mpaka mlango wa sebule akasimama hapo, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue aliongea polepole.

"Dada yangu, nani amekuletea habari ya mume wako?"

Mama akainua kichwa. "Ninyi."

"Sisi? Sisi tumefuata harufu."

"Mimi nimewaona ninyi mnaingia," mama akasema. "Nikajua mmesikia."

Wakaanza kuulizana. Wewe umesikia kwa nani? Kwa mafuta. Na wewe? Nimeona yeye anaenda, nimeenda. Na wanaume? Mmoja aliinua sauti kutoka nje, "Sisi tumeona wanawake!" Ndipo muuza chumvi akapiga makofi akacheka mpaka akaketi.

"Mutoto ya shule ameua baba yake na viazi! Leta basi tuone kilichotutoa nyumbani!"

Kila mtu akacheka, hata waliokuwa na machozi. Nilipakua kwenye sinia. Ganda lilikuwa zuri, la rangi ya ngozi ya mkate, na walikula kwenye giza lilelile, kwa sababu bado hakuna aliyekumbuka taa. Sitasahau mlio wake. Sebule nzima ilikuwa inatafuna, pande zote, na mimi sikuwaona wanaotafuna. Nikawaza, kama marehemu wangekuwa na meno, wangesikika hivi.

Mama hakula. Alimgeukia habuba. "Na wewe, habuba? Wewe ulikuja wa kwanza. Kuna mutu alikuambia?"

"Mimi nimekuja kama wengine," habuba akajibu. "Nimesikia harufu."

Akafungua mtandio kiunoni, akaurudisha kichwani, akatafuta viatu vyake kwa miguu na kutoka. Kiazi alichopewa kilibaki pembeni ya mkeka, hakikuumwa hata kidogo.

Watu waliondoka wakinitania mmoja mmoja. Mama aliwasha taa, akaniambia kwamba sasa ana hakika baba atakuja, maana Mungu hawezi kumfanyia mtu msiba wa mzaha halafu amletee wa kweli. Alikuwa anatabasamu. Mimi nilikuwa naosha sufuria, nikaendelea kuiinamia, kwa sababu nililijua jambo ambalo yeye hakulijua. Habuba alipoingia, mafuta yalikuwa yameganda kwenye kopo. Hapakuwa na harufu yoyote.

Asubuhi ya Ijumaa sikwenda shule. Nilikwenda nyumba ya kona. Habuba alikuwa anafagia ua. Nilimwamkia, akaitikia bila kusimama. Nilishika nguzo ya kibaraza ili nisikimbie.

"Habuba, jana ulikuja kabla ya mafuta."

Ufagio ukasimama.

"Kijana yangu iko anabadilisha pesa Oraba," alisema. "Amekuja jana mchana. Lori ya baba yako iko kando ya barabara, upande huu wa kizuizi ya askari. Mlango iko wazi. Mutu hakuna."

"Tangu lini?"

"Tangu Jumapili."

"Hakuna aliyeona?"

"Kama mutu aliona, hawezi kusema aliona."

"Mbona hukumwambia mama?"

"Nilikuja kumwambia. Akanitazama, akakaa, akalia. Nikafikiri amejua tayari. Halafu mlicheka." Aliangalia vumbi alilokusanya. "Binti yangu, mimi iko mzee, lakini kutoa kicheko kwa mdomo ya mutu, sikuweza."

Nilirudi nyumbani nikamwambia mama yote, nimesimama, bila kupunguza. Hakulia. Alikunja nguo ya baba moja safi, akaifunga kwenye kanga, akavaa viatu.

Kwenye maegesho ya malori mimi ndiye niliyeuliza, mimi ambaye hata muuza sukari akinisalimu najificha nyuma ya mtu. Nilikwenda kwa dereva mmoja na kwa mwingine: nani anaenda Oraba? Wote walimjua baba. Nilipotaja ni mtoto wa nani, waliinama kuangalia magurudumu yao.

"Mimi nafika Koboko tu," mmoja akasema mwishowe, bado ameinama.

"Koboko inatosha," nikasema.

Akafungua mlango. Nilimsukuma mama juu, nikapanda nyuma yake, nikaufunga mwenyewe.