Mitego ya Majani

Kazi yangu ni kupima majani yanayoanguka. Nikisema hivyo harusini watu hucheka, nami nimechoka kueleza. Mti huvuta hewa ukaa na kuigeuza mwili wake. Jani likianguka, kaboni iliyomo hushuka nalo ardhini. Ukijua majani yanaanguka kiasi gani mwaka mzima, unaanza kujua msitu una nguvu gani. Msitu wangu si Jozani, wenye watalii na kima wa kupigwa picha. Ni kichaka cha juu ya mawe, upande wa Kizimkazi, nyuma ya kijiji alichozaliwa baba yangu. Kilikatwa kuni mpaka kikabaki vishina, kisha wanakijiji wakakubaliana kukiacha. Walitaka kujua kama kinarudi au kinakufa polepole, nami niliwaahidi jibu baada ya miaka mitatu.

Nilimpelekea fundi cherehani wa Mji Mkongwe vyandarua, akanishonea mifuko yenye midomo mipana, nikaifunga kwenye vijiti chini ya miti. Sisi wa kazi hii huiita mitego. Shangazi yangu, aliyenilea tangu mama alipofariki na ambaye nyumba yake ilipakana na kichaka kile, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Wenzako wanatega paa, wewe watega majani!"

Hata hivyo alikubali kunilindia. Kila baada ya wiki mbili nilikwenda kukusanya. Mara ya kwanza nilipata kiganja kimoja tu kwa kila mfuko, na nakumbuka nilifyonya mbele yake, nikasema, "Sasa hiki ndicho cha kuwapelekea wakubwa zangu?" Alinijazia pakacha muhogo na machungwa, kama kawaida yake. Kwake yeye, mtu wake kurudi mjini mikono mitupu ilikuwa aibu ya nyumba nzima.

Tangu hapo mitego ikawa inajaa. Iliyo karibu na njia ilijaa kuliko ya ndani, nami kwa usomi wangu nikaandika kurasa mbili nzima juu ya mwangaza wa ukingoni mwa msitu. Siku moja nilikuta majani ya mpera, na kichakani hamna mpera hata mmoja. Nikawasingizia kima.

Mwaka wa tatu Shangazi alipooza upande mmoja. Nikamleta kwangu mjini, Mpendae, nikamtandikia chumba cha mbele ili asikie watu wakipita. Miezi ile ile mitego ikaanza kuwa karibu mitupu. Niliingiwa na hofu. Nikaanza kuandika barua ya kuwaarifu wakubwa zangu kwamba msitu umepatwa na ukame, au maradhi, au vyote viwili.

Alasiri moja nilikuwa nikimlisha uji.

"Mifuko yako inajaa?" aliniuliza.

"Haijai, Shangazi. Sijui msitu umepatwa na nini."

"Itajaa vipi na mimi nimelala hapa?" Ulimi wake ulikuwa mzito, lakini upande mmoja wa uso ulitabasamu. "Nlikuwa nnazoa chini ya miti nakutilia. Yakiwa haba, nafagia na ya uani."

Niliweka bakuli chini. Nilimpigia kelele, mimi niliyekuwa sijawahi hata kumkatiza maneno. "Miaka yote hii, Shangazi! Umeniharibia kazi yangu yote!"

"Nlikuwa sipendi uaibike mbele ya wakubwa zako, mwanangu."

"Bora ningeaibika!"

Akageuza uso ukutani. Siku zilizofuata nilimpa dawa, nilimlisha, nilimuuliza kama anahisi baridi, na sikumwambia neno jingine. Nina kichwa kigumu, najijua. Nilijiambia nitamwomba radhi hasira zikishuka. Alifariki Ijumaa asubuhi, na hasira zangu zilikuwa bado hazijashuka.

Tulimzika kijijini. Baada ya maziko mmoja wa wazee wa kamati ya msitu alinishika mkono, akanipa pole, kisha akasema kwa upole kwamba wao bado wanangoja majibu. Nilimwambia yako njiani.

Wiki nzima nilikaa mbele ya kompyuta bila kugusa kitu. Hakuna ambaye angejua. Hesabu zile zilionesha msitu unaorudi kwa kasi, na kijiji kizima kingefurahi kuzisikia. Na kila nilipozitazama nilimwona ameinama, mkono mmoja kiunoni, anaokota jani moja moja juu ya mawe yale makali, asije mtoto wake akadharauliwa na watu wa mjini.

Kisha nikaanza kufuta. Nilifuta mwezi mmoja mmoja, kuanzia mwanzo. Kila mwezi aliokuwa na nguvu zake niliufuta kwa mkono wangu. Vipimo nilivyoweza kuvipeleka kijijini, vya kweli, ni vya miezi ile michache tu aliyolala kitandani kwangu, hawezi kuinuka.